Jibu: Ua linalonuka mzoga bustanini

Habari ndugu. Umesema kuna ua limechanua nyuma ya nyumba, linanuka kama panya aliyeoza, nzi wamejaa, na hukumbuki kulipanda. Pole. Mimi la kwangu lilinifanya nisogeze makabati yote ya jikoni nikitafuta huyo panya!

Achana na ua kwanza, angalia mashina. Kama ni manene, laini, yana pembe nne na hayana majani, na ua ni nyota ya ncha tano, manjano iliyofifia yenye mistari myekundu na vinyweleo, hiyo ni Stapelia gigantea. Yangu ilikuja na chungu nilichopewa na jirani. Kipande kikidondoka tu, kinaota. Chungulia katikati ya ua, huenda ukaona mayai meupe. Nzi hudhani ni nyama, na funza wakianguliwa hufa njaa.

Ila kama limechomoza ardhini peke yake, na mhimili katikati ya kikombe cha zambarau, hilo ni Amorphophallus. Sijawahi kulikuza, ila utomvu wake huwasha, usilishike mikono mitupu.

Weka picha ya shina tuone.