Maswali ya wasomaji: Rosta ya marubani, kuchagua au kupendekeza?

SWALI: Asalaam alaykum wahariri. Mimi ni rubani msaidizi, familia yangu iko Chumbageni, Tanga, na kituo changu cha kazi ni Dar es Salaam. Kila mwezi tunabandikiwa rosta zilizokamilika, yaani ratiba za kazi za mwezi mzima, tunachagua kwa ukongwe: aliyetangulia kazini anachagua kwanza. Sasa menejimenti inataka mfumo wa mapendekezo: rubani anaandika anachotaka, kompyuta inampangia. Wakongwe wanapinga, vijana wamegawanyika. Kwa nini wapinge?

JIBU: Waalaykum salaam. Ugomvi mkubwa uko kwenye likizo. Tuseme rosta uliyochagua ina mzunguko (safari zilizounganishwa, tangu unapoondoka kituoni mpaka unaporudi) wa tarehe 8 hadi 11 na mwingine wa tarehe 15 hadi 18, na likizo yako ni tarehe 10 hadi 16. Yote miwili imegusa likizo. Kwa mikataba mingi ya rosta za kuchagua, mzunguko ulioguswa huondolewa wote, maana huwezi kuishia Mwanza katikati ya safari ukaanza likizo. Likizo ya siku 7 imekuwa mapumziko ya siku 11, na kwenye mikataba minono unalipwa pia. Safari ulizoacha wanabeba walio stendibai, yaani marubani wa akiba wanaosubiri kuitwa. Hali ni hiyohiyo mafunzo ya simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) yanapogongana na safari, au mzunguko ulioanza mwisho wa mwezi unapoingia mwezi unaofuata.

Mfumo wa mapendekezo unatanguliza likizo, mafunzo na safari zilizovuka mwezi, kisha unajaza siku zilizobaki. Hakuna kugongana tena: utaruka mpaka tarehe 9, na tarehe 17 unaweza kupangwa kazini. Stendibai wanapungua, na kwa ndege zilezile kampuni inahitaji marubani wachache zaidi. Faida yake iko hapo, na ni pesa nyingi. Anayewaambia kwamba mfumo unaletwa kwa ajili ya raha yenu tu amewaficha nusu ya habari.

Nusu nyingine ni ya kweli pia. Rubani anayeishi mbali na kituo anaweza kuomba siku mojamoja, jambo ambalo rosta ya kubandikwa haimpi. Delta na American Airlines za Marekani zinatumia mifumo hii. Lakini American iliupata kwenye mkataba uliojadiliwa baada ya kampuni kukimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2011, wakati marubani walikuwa na nguvu ndogo mezani. Ninyi bado mna cha kudai. Msiutoe mfumo wa zamani bure.

SWALI: Mkikubali kwamba mfumo huu unakuja, mtu wa Tanga aandikeje mapendekezo yake? Rubani, Raskazone.

JIBU: Kompyuta inasoma orodha yako kutoka juu kwenda chini, na kila mstari unapunguza safari zinazokufaa. Zinazobaki lazima zifikishe saa za chini za mwezi, tuseme 70. Zisipofika, inaanza kufuta mistari yako kuanzia wa chini kabisa. Kwa hiyo mpangilio wa mistari una uzito kuliko wingi wake.

Tanga hadi Dar ni kilomita kama 350, basi linakula saa tano hadi sita kupitia Segera na Chalinze. Mstari wa kwanza uwe tarehe usizoweza kukosa nyumbani, zikitajwa mojamoja. Wa pili, mapumziko yasipungue siku nne mfululizo, kwa sababu mapumziko ya siku mbili yataishia barabarani. Wa tatu, mzunguko wa mwisho kabla ya mapumziko uishe kabla ya saa 6 mchana, uwahi basi. Wa nne, mizunguko ya siku tatu au nne badala ya kwenda na kurudi siku ileile. Mji wa kulala uweke mwisho kabisa. Wengine huomba waanze kazi mchana ili wapande basi la alfajiri siku hiyohiyo. Hatushauri hata kidogo: sheria inahesabu muda wa kazi tangu uliporipoti, lakini mwili unahesabu tangu ulipoamka saa 10 alfajiri. Lala Dar usiku wa kuamkia safari.

Makosa mawili tunayaona sana. La kwanza ni kuunganisha masharti kwenye mstari mmoja. Ukiandika “epuka safari za usiku na za Jumamosi” katika mstari mmoja, mifumo mingi itaepuka zile tu zenye vyote viwili, yaani usiku wa Jumamosi. Andika mistari miwili. La pili ni kuishia na orodha fupi ya “Mwanza tu”. Safari za Mwanza zikichukuliwa na wakongwe, kompyuta inakujazia inavyotaka. Malizia na mstari mpana, kisha weka orodha ya pili kamili, hata ikiwa ya stendibai. Matokeo yakitoka, soma ripoti ya sababu. Inaonyesha kila mstari ulikwama wapi.

SWALI: Mume wangu ni rubani mpya. Je, mfumo huu utamleta nyumbani Bagamoyo siku ya Idd?

JIBU: Dada, hatuwezi kukuahidi. Ukongwe unabaki palepale, na safari za Idd zikikosa watu, walio chini kwenye orodha ya ukongwe ndio wanaovutwa. Ila aombe siku mbili mfululizo. Mapendekezo hufungwa kabla ya mwezi wa kazi kuanza, wakati Idd inasubiri mwezi uandame. Akiomba siku moja anaweza kupata siku ambayo bado mnafunga.

SWALI: Mimi ni mwakilishi wa marubani, Makorora. Kabla ya kura ya kuukubali au kuukataa mfumo, tudai nini kwa maandishi?

JIBU: Anzeni na thamani ya siku ya likizo, yaani saa ambazo kila siku ya likizo inahesabiwa kwenye kima cha chini cha mwezi. Ikihesabiwa saa 4, siku 7 ni saa 28, na kwa kima cha saa 70 zinabaki 42 za kuruka. Ikihesabiwa saa 2 na nusu, likizo ileile ni saa 17 na nusu, na mtu ataruka 52 na nusu katika siku zilizobaki. Hapo ndipo mnaweza kurudishiwa sehemu ya mnachopoteza, na tungekomaa hapo kuliko popote.

Kisha uchovu. Kompyuta inatii ulichoiandikia tu. Sheria ya Marekani iliyoanza Januari 2014 inaweka kikomo cha saa 100 za kuruka katika saa 672 (siku 28) na mapumziko ya saa 30 mfululizo katika kila saa 168 (siku 7), lakini ndani ya mipaka ya namna hiyo bado unaweza kupangwa usiku leo na alfajiri keshokutwa. Chukueni kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kama sakafu, muongeze zenu juu yake. Kamati yenu iwe na haki ya kuona mipangilio ya programu, na mfumo ujaribiwe kwa miezi mitatu sambamba na rosta za kawaida kabla ya kutumika.

Na kosa likitokea? Mwishoni mwa mwaka 2017 hitilafu kwenye programu ya kubadilishana safari ya American iliruhusu marubani waachie maelfu ya safari za sikukuu, na kampuni ikaahidi malipo ya mara moja na nusu kwa watakaozibeba. Ile ilikuwa programu nyingine, si ya mapendekezo, lakini kifungu mnachohitaji ni kilekile: rosta ikitoka na kosa, nani analirekebisha, ndani ya saa ngapi, na aliyekwisha kupangiwa kwa kosa hilo analipwaje.