Feni Inavuma na Haipungui: Je, Draiva Ni Mbovu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina steshenari ndogo Majengo, hapa Moshi, na kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tangu fundi alipobadilisha feni ya prosesa, feni hiyo huvuma kuanzia ninapowasha asubuhi hadi ninapofunga duka, na wateja hulazimika kupaza sauti. Mpwa wangu ameniwekea Linux pamoja na lm-sensors, programu inayoonyesha joto na kasi ya feni. Orodha inaonyesha feni mbili: ya kwanza inasoma 0, na ya pili inasoma mizunguko 2,100 hivi kwa dakika. Tuliandika 100 katika pwm2, faili linalopokea amri ya kasi ya feni ya pili kuanzia 0 hadi 255, ili tuipunguze kasi, lakini haikubadilika hata kidogo. Je, draiva ni mbovu? Na namba hiyo niiamini?

JIBU: Ndugu msomaji, mjumbe hauawi, na draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa, katika habari hii ni mjumbe tu. Feni yenye waya wa kupima kasi kwa kawaida hutoa mapigo mawili ya umeme kila inapokamilisha mzunguko mmoja. Chipu iliyo kwenye madabodi, yaani bamba kuu la kompyuta, huyahesabu, kisha draiva, iwe nct6775, it87 au nyingine inayolingana na chipu yako, huisoma chipu hiyo na kukuletea jibu. Mizunguko yako 2,100 kwa dakika ni sawa na mapigo 70 kwa sekunde. Feni ya kwanza inayosoma 0 isikusumbue: yaelekea sehemu hiyo ya madabodi haikuchomekwa kitu.

Kabla ya kuilaumu draiva, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha na uhesabu nyaya za feni aliyoiweka fundi. Ninashuku zitakuwa tatu. Feni ya nyaya 3 ina waya wa hasi, wa volti 12 na wa kupima kasi. Feni ya nyaya 4 ina waya mmoja zaidi ambao hupokea amri ya kasi. Madabodi nyingi hutuma amri kupitia waya huo wa nne pekee, kwa hiyo feni ya nyaya 3 ikichomekwa hapo hupata volti 12 kamili wakati wote, nayo huzunguka kwa nguvu zake zote huku ikiripoti kasi yake bila kosa lolote. Hali hiyo inafanana mno na unayoieleza: kusoma kunafanya kazi, kuamuru hakufanyi kazi. Baadhi ya madabodi zina chaguo ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, la kupunguza volti badala ya kutuma amri, na ukilikuta, hutahitaji kununua chochote.

Ikiwa nyaya ni 4, kosa laweza kuwa katika hatua mliyoiruka. Faili la pwm2_enable ndilo linaloamua nani anashika usukani: 1 humaanisha kwamba wewe ndiye unayeamuru, 0 huachia feni kasi yote, na 2 au zaidi huiachia chipu yenyewe ijiamulie. Mkiandika 100 wakati chipu ndiyo inayojiamulia, amri yenu haitakuwa na athari ya kudumu. Andikeni pembeni namba mnayoikuta humo, maana ndiyo njia ya kurudi, kisha wekeni 1 mkiwa na ruhusa ya msimamizi mkuu wa mfumo.

Jaribio lenyewe lianze juu, si chini. Wekeni 255 katika pwm2, ambayo ndiyo kasi kamili, msubiri sekunde kumi, msome kasi na kusikiliza kwa masikio yenu; kisha 200, halafu 150, halafu 100, huku mkitazama joto la prosesa. Katika mafaili ya draiva joto huandikwa kwa sehemu za elfu, kwa hiyo 45000 ni nyuzi 45 za Selsiasi, jambo ambalo limewashtua wengi bure. Joto likikaribia nyuzi 80, mimi hurudisha 255 papo hapo bila kujadiliana. Namba na mngurumo vikishuka pamoja, mna haki ya kuiamini draiva. Namba ikishuka na mngurumo ukabaki vilevile, mnaisoma feni nyingine. Jueni pia kwamba feni inayoendelea kuzunguka kwa 60 huenda isiweze kuanza ikiwa imesimama kwa 60 hiyohiyo, hivyo isimamisheni mara moja kwa muda mfupi na mtafute namba inayoiamsha.

Msiridhike na jaribio la asubuhi ya Julai, wakati baridi ya Moshi imetanda na duka bado halina watu. Joto la Februari saa nane mchana, mashine ikichapa mitihani ya shule na vumbi likiwa limejaa kwenye mapezi ya kupozea, ni mtihani mwingine kabisa, na kasi ya chini iliyotosha mwezi wa Julai haitatosha hapo. Acheni nafasi, na pulizeni vumbi kabla ya kupima.

Mkimaliza, rudisheni katika pwm2_enable ile namba mliyoiandika pembeni. Na ikiwa mtalazimika kununua feni ya nyaya 4, rudieni jaribio lote kuanzia 255, kwa kuwa vipimo vya feni hii ya sasa havitaihusu hiyo mpya.