Trekta dogo la dizeli linagoma kuwaka ingawa betri ni mpya

SWALI: Nina trekta dogo la dizeli lenye silinda tatu. Kwa wiki kadhaa sasa, nikizungusha ufunguo nasikia mlio mmoja tu, "ta", kutoka upande wa stata, kisha kimya, ilhali taa za dashibodi zinawaka vizuri. Nikirudia mara tano au sita, stata inazunguka ghafla na injini inawaka bila shida. Nimeshanunua betri mpya na hali haikubadilika. Fundi ananishauri ninunue stata nzima. Je, nimsikilize?

JIBU: Ningekuomba usubiri, kwa sababu stata ni ghali na dalili ulizozieleza bado hazijaithibitisha kuwa mbovu. Mlio huo mmoja ni wa solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inayovuta, maana yake umeme umepita kwenye ufunguo na kwenye swichi za usalama za klachi na gia, angalau kwa kiasi fulani. Kama kungekuwa kimya kabisa, ningekuelekeza kwanza kwenye fyuzi na swichi hizo.

Taa zisikudanganye. Taa za dashibodi hutumia ampea chache, lakini stata ya dizeli hudai ampea mia moja na zaidi, hivyo waya mnene uliooza ndani ya kibano chake huweza kulisha taa bila tatizo na ukashindwa kabisa stata inapodai mgawo wake. Kwa hiyo kipimo chochote kinachofanywa huku stata imetulia hakitakuonyesha ubovu huu.

Tafuta multimita (mita ya kupima umeme) na msaidizi wa kuzungusha ufunguo. Weka gia kwenye frii, funga breki ya mkono, na hakikisha injini haitawaka wakati wa kupima: shikilia kizimio cha dizeli au, kama trekta lako lina solenoidi inayofungua dizeli ikipata umeme, chomoa waya wake. Gusisha ncha za mita kwenye vichwa vya risasi vya betri vyenyewe, si vibano vya nyaya. Betri iliyojaa na kutulia husoma takribani volti 12.6, na stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6.

Sasa njoo kwenye kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa stata, kisha msaidizi azungushe ufunguo, na arudie mpaka tatizo litokee mbele ya macho yako. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotelea kwenye athi, yaani njia ya umeme kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha trekta, na mimi ningeanza na hapo: fungua boliti inayoshika waya wa athi kwenye chesisi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Pima vivyo hivyo kati ya kichwa chanya cha betri na boliti nene ya solenoidi ya stata inayopokea waya wake. Hapo isizidi volti 0.5.

Njia zote mbili zikiwa safi, pima kati ya boliti mbili nene za solenoidi. Mlio unaposikika, usomaji unapaswa kushuka karibu na sifuri. Ukibaki kwenye volti 12, mguso wa ndani haufungi. Pima basi waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo: ukiwa na volti pungufu mno, ufunguo au swichi za usalama zimechakaa, ukiwa na volti kamili, solenoidi imeungua ndani, na mara nyingi hubadilishwa peke yake. Stata yenyewe utailaumu pale tu inapopata volti za kutosha ikakataa kuzunguka, na hata hapo huenda ni brashi za kaboni, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, zilizokwisha.

Nakusihi usiiwashe stata kwa kuunganisha boliti zake kwa bisibisi. Njia hiyo hukwepa swichi za usalama, na trekta lililo kwenye gia linaweza kumkanyaga aliyesimama mbele ya tairi.

Ukimaliza, rudisha waya wa dizeli, washa injini na upime betri tena. Volti 13.8 hadi 14.4 zinaonyesha kwamba inachajiwa. Mita ikibaki kwenye 12.6 au ikizidi kushuka, shughulikia mfumo wa chaji mapema, kabla betri yako mpya haijaharibika.