Krenki za BMX: pima tundu kwanza

Dogo, umeuliza kama krenki za vipande vitatu (mikono miwili ya pedeli na ekseli inayoiunganisha) zitakaa kwenye baiskeli yako ya BMX ya mtumba. Kabla hujapanda daladala kwenda soko la Kilombero hapa Arusha, ng'oa beringi upime kipenyo cha tundu la fremu ekseli inapopita: 51.3 mm ni saizi ya Amerikani, 41 hivi ni Midi, 37 ni Spanishi, na ukikuta nyuzi za skrubu ndani yake ni Euro. Ekseli nayo ni 19, 22 au 24 mm, ilingane na beringi. Mimi nilinunua kwa macho, nikarudi Sakina na beringi zinapwaya kama kiatu cha kuazima. Nyundo weka kando. Paka grisi, beringi zivute ndani kwa bolti ndefu na washa. Kile kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili usikisahau, ukikaza bila hicho krenki inagoma kuzunguka. Pedeli za krenki ya kipande kimoja zina skrubu ya nusu inchi, kwa hizi za vipande vitatu utahitaji za inchi 9/16.