Ukipeleka mashua Rufiji mara ya kwanza, anza hesabu mlangoni mwa mto

Mara ya kwanza nilipojaribu kumpelekea mjomba wangu mashua yake Nyamisati, Rufiji, kusini mwa Dar, ilikuwa Julai. Tuling'oa nanga Kunduchi saa 11 alfajiri, watu wanne, tanga jipya, madumu yamejaa maji, chapati za siku tatu. Magharibi ikatukuta bado tunaziona taa za Kigamboni. Kutwa tulikuwa tunabisha, yaani tunaukabili upepo kwa mshazari: tunakwenda joshi hadi mbali, tunageuza tanga, tunarudi pwani, na kila tukirudi tunaikuta minazi ileile. Kesho yake tukageuza omo (mbele ya chombo), na upepo uliotukatalia siku nzima ukatufikisha Kunduchi kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Mjomba alipopiga simu nikamwambia bahari imechafuka. Nilimdanganya. Bahari ilikuwa ya Julai kama Julai nyingine zote. Mimi ndiye nilichagua tarehe kwa kuangalia likizo yangu ya kazini.

Kusi hutoka kusini, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba. Mkondo wa pwani yetu nao huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi ndipo unapokaza. Anayetoka Dar kwenda Rufiji Julai kwa tanga pekee anapingwa na vyote viwili. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, upepo unakuja na tezi, yaani nyuma ya chombo, na mkondo, ingawa haugeuki, hupunguza kasi. Mimi ningechagua Januari au Februari. Machi masika yanabisha hodi. Matlai, majira ya upepo dhaifu kati ya kusi na kaskazi, usiijaribu: upepo ukilala, mkondo haulali, na utaamka uko nyuma ya ulipolalia. Wanaoenda Tanga wasome haya kinyume.

Basi nikasubiri kaskazi, na safari hii nikaenda kwanza kumwamkia nahodha mmoja mzee wa Mjimwema aliyepeleka majahazi Mafia tangu ujana wake. Nikamwonyesha karatasi yangu: siku ya kutoka, saa ya kutoka, vituo.

"Mwanangu," akasema, "ya kutoka umeipanga. Ya kuingia je?"

Sikumwelewa. Akaichukua kalamu akaanza kuandika kutoka chini kwenda juu, na tangu siku ile nami naandika hivyo.

Delta ya Rufiji ina milango kadhaa: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingine. Yote ina mafungu ya mchanga, na mafungu hayo huhama. Njia uliyopita mwaka juzi leo yaweza kuwa uwanja wa chaza. Kwa hiyo mlangoni unaingia na maji yanayojaa, katikati ya kujaa, ili ukigusa fungu maji yakunyanyue yenyewe. Ukiingia maji yakiwa yamejaa kabisa, ukagusa, hapo umekaa. Na usiingie maji yakitoka. Upepo wa kaskazi unasukuma kuingia, mto unasukuma kutoka, vikikutana pale mawimbi yanasimama wima.

Sasa mwezi. Nilidhani bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndiyo siku nzuri, kwa kuwa maji ni mengi. Mzee akacheka. Pwani yetu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukikwama siku ya kilele cha bamvua, kesho maji hayafiki pale tena, na keshokutwa hayafiki, utakaa juu ya fungu karibu wiki mbili ukiwahesabu kaa. Ingia siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yanaongezeka kila siku. Ukikwama leo, kesho yanakuja marefu zaidi.

Kwetu bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kila siku husogea mbele dakika 50 hivi. Rudi nyuma siku mbili, unapata maji yamejaa kama saa 8 na nusu mchana. Basi mlangoni tunatakiwa tuwe saa 5 au saa 6. Tukitanguliza hilo, yaliyobaki ni kutoa tu: kutoka kisiwa cha Kwale, tutakapolala njiani, hadi mlangoni, kutoka Dar hadi Kwale. Jedwali la maji kwa bandari ya Dar es Salaam linapatikana, nalo lina usahihi kuliko kichwa changu. Lakini kumbuka ndani ya delta maji huchelewa kuliko baharini.

Kasi ndiyo watu wanajidanganya. Mashua yetu kwa upepo mzuri ilikwenda noti 4 (maili 4 za bahari kwa saa). Ondoa mkondo, ondoa muda wa kuhangaika na tanga, andika noti 3. Dar hadi Kwale ni zaidi ya maili 30 za bahari, yaani saa 10 au 11, na mwanga wa siku ni saa 12. Ndiyo maana ukichelewa kutoka kwa sababu mtu mmoja amekwenda kununua vocha, unaingia gizani kati ya vipwa, mafungu yanayotokeza maji yakipwa. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Sehemu inayoniuma ni hii. Tangu Julai mashua ilikuwa imepandishwa mchangani, na mbao zikakauka. Nilimlipa fundi aipige kalafati, yaani azibe nyufa za mbao kwa pamba, nikaiona imepakwa rangi inang'aa, nikaridhika. Tulipofika Kwale maji kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Usiku ule tulikumba maji kwa zamu, kopo la mafuta mkononi, badala ya kulala. Chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu kiteremshe majini siku nne au tano kabla ya safari, kikiwa kimefungwa karibu na nyumbani, kinywe maji, kivimbe, ndipo ujue pamba imekaa wapi na haikukaa wapi. Rangi haikwambii kitu.

Karatasi nazigusa kwa haraka: hati ya mauziano, usajili na ukaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na kama ni chombo cha kuvulia, leseni ya uvuvi. Jaketi okozi moja kwa kila kichwa. Majina ya waliomo mwachie mtu wa nchi kavu, na mwambie saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usitoke, hata kama mzigo umeshalipiwa. Waliokuwa Mafia Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Mlangoni tulifika saa 6 kasoro. Tulipunguza tanga, tukasubiri nje, mpaka mtumbwi wa wakata boriti ukapita. Mmoja wao tukakubaliana naye bei palepale, kabla hajapanda, awe rubani wetu. (Vijana wa siku hizi rubani wanamjua wa ndege tu.) Alisimama omo na pondo ndefu, anapima, anaonyesha kwa mkono bila kugeuka. Tuligusa mara moja. Tukakaa kama robo saa, tunakunywa maji, chombo kikajinyanyua.

Ndani ni dunia nyingine. Mikoko inakata upepo, tanga linalegea, na unakwenda kwa maji yanayoingia na pondo. Mikono ya mto inafanana yote. Usioge, mamba wapo, na kiboko mpishe njia. Chandarua si anasa.

Nyamisati tulimkuta mjomba amekaa gatini. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Mbona miezi saba?" Tukafunga mashua, tukala wali wa nazi, tukalala kama magogo. Saa 3 usiku akaja kutuamsha: maji yalikuwa yamekupwa, kamba nilikuwa nimeifunga fupi, na mashua yake mpya ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo, tezi juu, omo kwenye tope.