Serotonini na saa ya ubongo: majibu kwa wasomaji wa Goma

Ninalinda lango usiku kucha huko Himbi, na asubuhi usingizi haunijii. Je, serotonini imeniishia?

Serotonini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, na kuisha kwake silo la kushuku kwanza, baba. Saa kuu ya mwili ni vifundo viwili vya neva katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, juu ya mahali neva za macho zinapopishana. Mzunguko wake kwa binadamu huzidi saa 24 kwa dakika chache, hivyo kila siku hurekebishwa na mwanga. Unapotoka zamu saa kumi na mbili, jua la Goma linachomoza usoni pako, na saa yako inaarifiwa kwamba siku imeanza. Vaa miwani myeusi njiani, kisha utie pazia zito dirishani.

Basi serotonini ina kazi gani katika saa hiyo? (Mwanafunzi, Katindo)

Seli zinazoitoa ziko katika shina la ubongo, kwenye viini vya rafe, na nyuzi zake hufika kwa wingi ndani ya saa hiyo ya mwili, zikitoa serotonini zaidi mnyama anapokuwa macho kuliko anapolala. Haiendeshi saa, hupima tu ni kwa kiasi gani saa iutii mwanga. Kwa hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya) na panya wa maabara, ambao ni wa usiku, huzibana ncha za neva za macho zisimwage kwa wingi glutamati, kemikali inayoipelekea saa habari ya mwanga, na mwanga ukapungua nguvu. Kwa panya wa nyasi wa Afrika, ambaye ni wa mchana, imeonekana ikiuongezea nguvu. Kwa binadamu, dozi moja ya sitalopramu, dawa inayozuia serotonini isinyonywe upesi, iliufanya mwanga wa usiku uizime zaidi melatonini, homoni ya usiku. Kwa hiyo anayeyachukua matokeo ya panya na kuyabandika kwa gorila wa Virunga aulizwe kwanza mnyama wake huamka saa ngapi. Swali hilo linafaa hata ndani ya jamii ya nyani, kwa kuwa komba hutoka usiku.

Ndizi zina serotonini. Niwape watoto jioni ili walale? (Mama, Majengo)

Wape kwa utamu wake, mama. Serotonini ya chakula haivuki kutoka damuni kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, kijenzi cha protini.

Je, melatonini na serotonini ni kitu kimoja?

Hapana. Usiku, kwa amri ya saa, tezi ya pineali huigeuza serotonini kuwa melatonini.

Nanywa dawa ya huzuni ya aina ya sitalopramu. Niiache?

Usiikatize mwenyewe. Mweleze daktari aliyekuandikia unainywa saa ngapi, na usiku uipunguze taa na simu.