Mtoto Alipata Nafuu Dodoma, Mimi Nikaitwa Mchafu

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia akiuliza kama amfukuze paka, maana mwanawe anapiga chafya kila alfajiri na usiku kifua kinalia filimbi. Paka huenda akawa na lake, na chumbani asilale. Lakini dada yangu, kabla hujamtoa nyumbani, nijibu: godoro la mtoto umelianika lini?

Nauliza kwa uchungu. Mwanangu wa pili ana pumu. Likizo moja alikwenda kwa shangazi yake Dodoma, akalala usiku kucha bila kukohoa. Wifi yangu akaandika kwenye kundi la ukoo: "Huku kwetu tunafanya usafi, ndiyo maana mtoto mzima." Mama mkwe akasoma, mashemeji wakasoma, mmoja akaweka kicheko. Mimi, ambaye nyumba yangu ya Kigamboni inapigwa deki asubuhi na jioni!

Daktari ndiye aliyenitoa gizani. Ndani ya godoro na mito kuna utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula magamba ya ngozi zetu. Maji havinywi, vinafyonza unyevu wa hewani. Kinachomsumbua mwenye mzio hasa ni kinyesi cha utitiri huo. Dodoma hewa ni kavu, utitiri haustawi. Huku pwani, hasa masika, unyevu haukauki hata kwenye chumvi. Kwa hiyo wifi, kama unasoma, ni ukavu wa Dodoma, si ufagio wako.

Tangu siku hiyo nilihamisha nguvu kutoka sakafuni kwenda kitandani. Mito ya sufi ya enzi za harusi niliitoa yote, mama mkwe alinuna. Godoro la mtoto lina mfuko wa zipu uliofumwa kwa kubana. Kabla sijaununua, nilikuwa nalitoa juani tangu asubuhi mpaka alasiri, nikiligeuza, kisha nalipiga fimbo huko huko nje, mtoto akiwa mbali. Shuka na foronya kila wiki, kwa maji ya nyuzi 60 hivi. Huna mashine? Sufuria ya maji yanayochemka changanya na kiasi hicho hicho cha maji ya bomba, loweka nusu saa, watoto wasisogee. Maji baridi yanatoa vumbi, lakini utitiri mwingi unabaki hai. Ila chandarua chenye dawa usikitie maji ya moto wala usikianike juani. Sabuni ya kawaida, maji baridi, kivulini.

Halafu feni. Panda juu ya kiti, feni ikiwa imezimwa, vika panga lake foronya kuukuu, kisha vuta taratibu huku umebana. Mara ya kwanza nilitoa vumbi zito la kijivu, limeshikana kama sufu, na hilo ndilo tulilokuwa tunapuliziwa usiku. Nilikaa nalitazama.

Kufagia kukavu, acheni. Vumbi linapanda juu, linaelea, linarudi kulala kitandani. Tambara bichi ndilo dawa. Zulia la chumbani nimeliuza, pazia nzito pia. Ukungu ukutani usiupake rangi juu, ziba kwanza bomba linalovuja. Vyombo vya jioni visilale vichafu, maana mende nao kinyesi chao kinaamsha pumu.

Wanawake wenzangu, tunajua kusafisha pale mgeni anapopaona. Sebule inang'aa, mtoto anakoholea kwenye mto ambao haujaona jua tangu ununuliwe. Hata hizo dawa za kupulizia harufu nzuri, na udi, na moshi wa jiko la mkaa ndani, vinambana kifua mwenye pumu. Nyumba isinukie kitu.

Mwanangu sasa analala hapa hapa Kigamboni mpaka kunakucha. Dawa yake ya kuvuta bado anaitumia kama alivyoandikiwa, na wako usimkatizie dawa eti kwa kuwa umefua shuka.